Kufuli Tatu, Sanduku Moja: Nani Atafungua Siku Mwenye Ufunguo Akikosekana?

Tarehe 12 Mei 2017 Benki Kuu ya Tanzania iliifutia leseni Benki ya Wananchi ya Mbinga. Mtaji ulikuwa umeshuka chini ya kiwango kinachotakiwa na sheria, ukwasi ulikuwa haba, na benki iliyobeba jina la wilaya ya wakulima wa kahawa ikafunga milango. Bodi ya Bima ya Amana iliteuliwa kuwa mfilisi. Kwa utaratibu wa wakati ule, kila mwenye amana alistahili fidia isiyozidi shilingi 1,500,000. Aliyekuwa na zaidi ya hapo alitakiwa kusubiri mali za benki ziuzwe na madeni yake yakusanywe, ndipo ajue atapata kiasi gani. Kiwango hicho kilikuja kupandishwa hadi shilingi 7,500,000.

Nalikumbusha tukio hili kwa sababu lina funzo ambalo hatukulizingatia vya kutosha. Benki ilikufa, lakini msiba wake ulikuwa na wenyewe. Palikuwa na ofisi ya kwenda, fomu ya kujaza, orodha ya wenye amana, na chombo cha umma kilichowajibika kisheria kumjibu mkulima aliyeuliza, "Fedha yangu iko wapi?" Jibu lingeweza kuchelewa. Lingeweza hata kuwa chungu. Hata hivyo, mlango wa kubisha ulikuwepo.

Leo kuna mali ambayo ikipotea haina mlango wa kubisha. Nazungumzia sarafu za kidijiti, Bitcoin na jamaa zake, na hasa ile pochi ambayo mwenye sarafu hizo huambiwa aitunze kama mboni ya jicho. Vijana wetu wa vyuo wanazungumza juu ya bei zake kila siku. Ni wachache wanaozungumza juu ya ufunguo. Nami naamini swali la ufunguo ni zito kuliko swali la bei, tena ni swali la siasa kabla ya kuwa la teknolojia.

Tuanze na maana. Pochi ya kidijiti haina fedha ndani yake. Sarafu zenyewe ni maandishi katika daftari kubwa la pamoja, linalotunzwa kwa nakala katika kompyuta nyingi duniani. Kilichomo ndani ya pochi ni ufunguo wa siri, yaani namba ndefu mno inayomwezesha mwenyewe kutia sahihi na kusema, "Hiki ni changu, nakihamishia kwa fulani." Daftari halimjui mtu kwa jina, kwa uso, kwa ukoo wala kwa kitambulisho. Linaijua sahihi tu. Mwenye ufunguo ndiye mwenye mali, hata kama ameuiba. Na asiye na ufunguo hana mali, hata kama kijiji kizima kitakuja kumtolea ushahidi.

Kwa kuwa namba ile haishikiki kichwani, wataalamu walibuni mwaka 2013 utaratibu wa kuigeuza kuwa maneno ya kawaida, aghalabu 12 au 24, yanayochaguliwa kutoka katika orodha maalumu ya maneno 2,048. Mwenye pochi huambiwa ayaandike kwenye karatasi kwa mpangilio wake na kuyaficha. Simu ikizama ziwani, maneno yale yataifufua pochi katika simu nyingine. Karatasi ikipotea na simu ikapotea, basi. Hakuna namba ya huduma kwa wateja ya kupiga, wala meneja wa tawi, wala mahakama yenye uwezo wa kuliamuru daftari lile lifunguke.

Dunia imekwisha kutoa mifano. Katika mji wa Newport, Wales, James Howells alipoteza mwaka 2013 diski ya kompyuta iliyotupwa jalalani ikiwa na ufunguo wa Bitcoin zipatazo 8,000. Kwa miaka mingi aliomba ruhusa ya kuchimbua jalala la mji. Halmashauri ilikataa, na Januari 2025 Mahakama Kuu ikaitupilia mbali kesi yake. Stefan Thomas, mtaalamu wa programu aishiye Marekani, alilipwa Bitcoin 7,002 mwaka 2011 wakati thamani yake ilikuwa ndogo. Aliuhifadhi ufunguo katika kifaa kinachoruhusu majaribio kumi tu ya nywila kabla ya kujifunga moja kwa moja, kisha akapoteza karatasi aliyoiandika nywila hiyo. Habari zake zilipoenea duniani mwaka 2021, alikuwa amekwisha kutumia majaribio manane.

Mifano hiyo miwili ni ya watu waliozishika funguo zao wenyewe. Ipo na ya waliowaachia wengine. Desemba 2018 Gerald Cotten, mwasisi wa soko la sarafu za kidijiti la QuadrigaCX nchini Kanada, alifariki akiwa India. Wateja wake zaidi ya 70,000 waliambiwa kwamba funguo alikuwa nazo yeye peke yake na amekwenda nazo kaburini. Mwaka 2020 mamlaka ya masoko ya mitaji ya jimbo la Ontario ilihitimisha kwamba sehemu kubwa ya fedha ilikuwa imepotea kwa udanganyifu wake mwenyewe kabla hajafa. Ufunguo uliopotea uligeuka kuwa kisingizio cha wizi. Na huko Tokyo, soko la Mt. Gox liliporomoka Februari 2014 likidai kupoteza Bitcoin zipatazo 850,000. Wiki chache baadaye 200,000 kati ya hizo zikaonekana katika pochi ya zamani. Wadai walisubiri hadi mwaka 2024 ndipo wakaanza kurudishiwa sehemu ya mali yao.

Tukiisoma mifano hii kwa pamoja, tunaona hatari mbili zinazokabiliana. Ukiushika ufunguo peke yako, usahaulifu wako au kifo chako huwa mwisho wa mali yako. Ukimwachia mwingine, uaminifu wake huwa ndio mpaka wa usalama wako. Hapa ndipo siasa inapoingia, kwa maana kazi ya taasisi za jamii tangu zamani imekuwa ni kututoa katika uchaguzi huo mgumu kati ya kujitegemea kwa upweke na kutegemea kwa upofu.

Najua pingamizi litakalofuata. Mtu atasema: haya ni mambo ya Newport na Tokyo, yanamhusu nini mvuvi wa usipa wa Lipingo? Lipingo ni kata ya wilaya ya Nyasa, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga. Watu wa mwambao ule wanaishi kwa ziwa, muhogo na mpunga. Tuna haki gani ya kuwapelekea masumbuko ya matajiri wa mbali?

Jibu langu ni kwamba Lipingo imekwisha kuingia katika ulimwengu wa funguo zisizoshikika kwa mkono. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, mitandao mingine ikafuata, na leo mchuuzi anayenunua usipa ufukweni aupeleke Mbinga au Songea anabeba mtaji wake katika laini ya simu. Namba ya siri yenye tarakimu nne ndiyo sanduku lake. Baada ya serikali kuagiza usajili wa laini kwa alama za vidole, huku tarehe ya mwisho ikisogezwa hadi 20 Januari 2020, kidole chenyewe kimekuwa ufunguo. Aliyepoteza laini huenda kwa mtoa huduma na namba yake ya NIDA, huweka kidole kwenye kifaa, na laini yake ikarudi pamoja na salio lake. Huu ni urejeshi wa pochi, ijapokuwa hatuuiti hivyo.

Urejeshi huo nao una makovu yake. Mikono inayovuta kamba za nyavu na kushika jembe miaka thelathini huchakaa, na kifaa cha kusoma alama za vidole hakina heshima kwa kazi ya mikono. Mwenye vidole laini vya ofisini husomwa mara moja. Mwenye vidole vya kasia hurudia na kurudia. Asiye na namba ya NIDA hana pa kuanzia. Kwa hiyo hata katika mfumo wenye mlango wa kubisha, si wote wanaofunguliwa kwa wepisi uleule. Tofauti ni kwamba hapa tunaweza kulalamika, kuandika barua, kumuuliza mbunge. Kwa pochi ya Bitcoin tutamlalamikia nani?

Tuchukue sasa jambo ambalo hakuna familia inayolikwepa, nalo ni mirathi. Tuseme kijana aliyekulia Lipingo, akafanya kazi Dar es Salaam, aliweka akiba yake katika sarafu za kidijiti na maneno yake 12 akayahifadhi kichwani. Akifa, ndugu hukaa kikao cha ukoo na kumpendekeza msimamizi wa mirathi. Mahakama ya Mwanzo humteua. Naye hubeba barua ya uteuzi kwenda benki na kwa kampuni ya simu. Huko barua ile ina nguvu. Karani ataisoma, ataikagua, na mwishowe fedha ya marehemu itawafikia warithi. Mbele ya daftari la Bitcoin, barua hiyohiyo yenye mhuri wa mahakama haina uzito wowote. Mjane ana haki kamili kisheria juu ya mali ambayo hataigusa kamwe. Haki isiyo na njia ya kutekelezwa ni karaha tupu.

Wenzetu wa Kenya walilitazama tatizo la jirani, la mali zilizosahaulika, wakatunga sheria mwaka 2011 iliyounda mamlaka ya kusimamia mali za kifedha zisizodaiwa. Fedha zilizolala benki, hisa zisizo na mwenyewe, hata salio la simu ya marehemu, hukusanywa mahali pamoja ambapo mrithi anaweza kwenda kudai. Mwaka 2025 wakaongeza sheria ya watoa huduma za mali za kidijiti, wakiwaweka chini ya Benki Kuu yao na mamlaka ya masoko ya mitaji. Mtu anaweza kuzikosoa sheria hizo, lakini angalau kuna maandishi ya kukosoa.

Sisi je? Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwa umma ikikumbusha kwamba shilingi ndiyo fedha halali pekee nchini na kwamba biashara ya sarafu za kidijiti haikubaliki kwa kanuni zetu za fedha za kigeni. Juni 2021, akiwa Mwanza kuzindua jengo la Benki Kuu, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ianze kujiandaa kwa ajili ya sarafu hizo ili mabadiliko yasitukute hatuko tayari. Kisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijiti.

Wanafunzi wangu wa sera za umma wautafakari mfuatano huo: onyo, hotuba, kodi. Kilichotangulia ulinzi ni ukusanyaji. Sipingi kodi, dola isiyokusanya haijengi barabara, na watu wa mwambao wa Nyasa wanaijua thamani ya lami iliyowaunganisha na Mbinga. Napinga mpangilio. Serikali inapochukua fungu lake katika mauziano ya mali fulani, imekiri kwamba mali hiyo ipo na wenye nayo ni raia wake. Baada ya kukiri hivyo, haiwezi kugeuza uso siku raia huyohuyo anapoibiwa, anaposahau au anapokufa. Mtoza ushuru anayeijua njia ya sokoni haruhusiwi kusema haijui njia ya msibani.

Ni haki pia kuwasikiliza wanaozipenda sarafu hizi, maana hoja yao si ya kipuuzi. Wanasema: benki za wananchi zimekufa mbele ya macho yetu. Mbinga ilikuwa mwaka 2017, na Januari 2018 Benki Kuu ikafunga nyingine tano kwa siku moja, zikiwemo za Njombe, Meru na wakulima wa Kagera. Wanaongeza kwamba vyama vya ushirika viliwahi kuwakopa wakulima wa kahawa na malipo yakachelewa. Basi, wanauliza, kwa nini nisiwe benki yangu mwenyewe? Pochi yangu haifilisiki, haina meneja wa kunidanganya, wala haifungwi kwa tangazo la gazetini.

Naiheshimu hoja hiyo, ila naona imeishia njiani. Kuwa benki yako mwenyewe ni kuwa pia mlinzi wako, mhasibu wako, mkaguzi wako na msimamizi wako wa mirathi, bila likizo na bila msaidizi. Ni kazi ambayo hata wataalamu wa Newport na Marekani wameshindwa kuifanya. Tena upweke huo huwavuta fisi. Mtanzania anaijua vizuri ile jumbe inayosema, "Ile hela tuma kwenye namba hii." Ndugu yake amezaliwa: ni mtu anayejitangaza mtandaoni kwamba anaweza kuirejesha pochi yoyote iliyopotea, mradi umtumie ada ya kuanzia na maneno yako 12. Aliyekwisha kupoteza mara moja hupoteza mara ya pili.

Dawa ya tapeli huyo ni hesabu, nayo ni rahisi kiasi cha kufundishika darasani. Ukikosa neno moja tu kati ya 12, na unajua nafasi yake, majaribio ni 2,048. Sehemu ya neno la mwisho hukokotolewa kutokana na yaliyotangulia ili kugundua makosa, na ukaguzi huo huchuja hata kubaki wastani wa maneno 128 yanayowezekana. Kompyuta ya kawaida huyamaliza upesi. Ukikosa maneno mawili, majaribio ni zaidi ya milioni 4, bado yanawezekana. Ukiyakosa yote 12, idadi ni namba yenye tarakimu 39, na kompyuta zote za dunia zikifanya kazi kwa pamoja hazitaifikia. Kwa hiyo urejeshi wa kweli upo, lakini hutegemea kipande kilichobaki: neno lililoandikwa pembeni ya daftari, nywila inayokumbukwa nusu, simu ya zamani iliyosahaulika sandukuni. Asiye na kipande chochote hana cha kurejeshewa, na anayemwahidi vinginevyo anamwibia. Aliye na kipande naye ajue kwamba kumtumia mgeni maneno yake ni sawa na kumkabidhi mali yenyewe.

Katika hesabu hiyo kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa lugha hii. Orodha ya maneno 2,048 ilianza kwa Kiingereza. Baadaye zikaongezwa za Kijapani, Kikorea, Kihispania, Kichina, Kifaransa, Kiitaliano, Kicheki na Kireno. Kiswahili hakimo. Tumeadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kila tarehe 7 Julai tangu UNESCO ilipoitangaza, tumeimba na kupeana vyeti, ilhali mama wa Lipingo anayetaka kumtunzia mwanawe karatasi ya pochi analazimika kunakili maneno ambayo hawezi kujua kama ameyakosea. Anayenakili lugha asiyoijua ananakili michoro. Neno moja likiacha herufi katikati, huenda asigundue hadi siku ya kuhitaji.

Kutengeneza orodha ya Kiswahili si kazi ya sherehe. Orodha ya Kiingereza imepangwa ili herufi nne za mwanzo zitoshe kulitofautisha kila neno na mengine. Katika Kiswahili vitenzi vinavyotajwa kwa "ku" vingepoteza herufi mbili bure, na nomino zinazoanza kwa "ki", "ma" na "wa" zingegongana kwa mamia. Ingebidi kuchagua mashina na majina mafupi, kuacha yanayofanana kwa sauti, kuepuka maneno yenye maana moja Unguja na nyingine Songea, kisha kuwashawishi watengenezaji wa pochi waikubali, maana nyingi hutegemea orodha ya Kiingereza peke yake. Hiyo ni kazi halali ya wanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa BAKITA wakikaa na wanafunzi wa kompyuta. Natamani kuona tasnifu moja tu ya namna hiyo.

Hata hivyo, somo kubwa kuliko yote hatuhitaji kuliagiza kutoka nje. Nenda katika kikundi chochote cha VICOBA, utaliona sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na wanachama watatu, na sanduku lenyewe hulala kwa mwanachama mwingine. Aliyelala na sanduku hana ufunguo. Mwenye ufunguo hana sanduku. Na hata akilipata, ana theluthi moja tu ya uwezo wa kulifungua. Hufunguliwa mbele ya wote, siku ya kikao, fedha ikahesabiwa kwa sauti. Akina mama wasiowahi kusikia neno "kriptografia" wameitatua hatari ya mtu mmoja kwenda kaburini na ufunguo, kwa sababu kikao chote kinaweza kuamua kwa pamoja kukata kufuli moja.

Wanahisabati walifika hapohapo kwa njia yao. Mwaka 1979 Adi Shamir alionyesha namna ya kuigawa siri vipande, kwa mfano vitatu, hata vipande vyovyote viwili vitoshe kuirudisha na kimoja peke yake kisifichue chochote. Pochi za kidijiti nazo zinaweza kuwekewa sharti la sahihi mbili kati ya tatu. Huo ni mpangilio ulio bora kuliko sanduku la VICOBA katika jambo moja: ufunguo mmoja ukizama ziwani, hakuna haja ya msumeno. Lakini ni dhaifu kuliko sanduku katika jambo jingine: daftari la kidijiti halina kikao. Wawili wakila njama, hakuna macho ya wanakikundi. Teknolojia hugawa ufunguo. Watu ndio wanaogawana uaminifu, na bila watu mgawo wa kwanza hauna maana.

Kutokana na hayo, natoa mapendekezo manne kwa wanaohusika. Kwanza, Benki Kuu na Wizara ya Fedha zilete bungeni sheria inayomlazimisha kila anayeshika funguo kwa niaba ya wateja awe na leseni, atenge mali zao na mali zake, na aonyeshe kwamba kifo cha mkurugenzi mmoja hakiwezi kuifunga hazina. Hilo lingezuia QuadrigaCX ya Kitanzania kabla haijazaliwa. Wapo wakongwe wanaokumbuka DECI ya mwaka 2009 na jinsi serikali ilivyoingia kati wakati wananchi wengi wamekwisha kupanda mbegu zao.

Pili, Mahakama iandae mwongozo wa mirathi ya mali za kidijiti: fomu ya wosia yenye sehemu ya kutaja mali hizo na mahali ufunguo ulipo, bila kuandika ufunguo wenyewe, kwa maana faili la mirathi husomwa na wengi. Tatu, maofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, ambao tayari huvifikia vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa mikopo ya asilimia 10, wapewe somo la nusu saa la kufundisha vikaoni kuhusu namba ya siri, usajili wa laini, utapeli wa urejeshi na mirathi ya salio la simu. Somo hilo litamfaa hata asiyeona Bitcoin maisha yake yote. Nne ni lile la lugha nililokwisha kulieleza.

Na kwa wanaharakati, nawaomba jambo moja. Tusiwahubirie vijana kwamba sarafu hizi ni ukombozi, wala tusiwacheke kwamba ni wajinga. Wote wawili, mhubiri na mchekaji, wanawaacha peke yao na karatasi ya maneno 12. Anayetaka kununua na aulizwe swali lilelile analoulizwa mwanachama mpya wa VICOBA kabla hajakabidhiwa ufunguo: siku usipoonekana kikaoni, nani atajua ulipouweka? Kama hana jina la kutaja, bado hajawa na akiba. Ana siri tu, na siri hairithiwi.

Mwenye amana wa Mbinga alipokwenda kudai shilingi zake mwaka 2017, alidai kwa sababu vizazi vilivyomtangulia vilidai sheria ya kumlinda. Sheria hiyo haikushuka na mvua. Ya mali mpya nayo haitashuka, tusipoidai.